Kusoma Biblia Peke Yako: Anza na Marko

Chukua Injili ya Marko, sura 16 tu. Kwanza isome yote kwa mkupuo, bila kalamu. Kisha rudi mwanzo, kisa kimoja kwa siku: soma kwa sauti mara mbili, andika daftarini nani yupo, wapi, na nini kinarudiwa.

Tazama 5:21–43, yaani sura ya 5, aya ya 21 hadi 43. Mwanamke ametokwa na damu miaka 12. Binti wa Yairo, mkuu wa sinagogi aliyemwomba Yesu amponye mtoto huyo, ana miaka 12. Ukianzia aya ya 25, mwanamke anapoingia, humwoni Yairo anayesubiri huku mtoto wake yu mahututi. Wengi hukosea hapo: huchuma aya, huacha habari. Vichwa vidogo viruke, viliongezwa baadaye. Vitabu vya ufafanuzi fungua mwisho kabisa. Swali likibaki, mpelekee padri baada ya misa, kwa mfano hapa Zanzibar kanisa la Anglikana la Mkunazini au la Katoliki la Minara Miwili.