Jinsi ya kukinga mate kwa utafiti wa bakteria wa kinywa na saratani

Mwaka 2012 timu mbili za watafiti zilimkuta Fusobacterium nucleatum, bakteria anayeishi kwenye ukoga wa meno, amejazana ndani ya uvimbe wa saratani ya utumbo mpana. Tangu hapo mate yamekuwa mali kwa watafiti. Wewe unayeyakinga kliniki, fanya hivi.

1. Mwandae mgonjwa tangu jana yake. Asubuhi asile, asipige mswaki, asivute sigara. Maji ayaache angalau saa moja kabla. Muulize kuhusu dawa, lakini usiishie kwenye neno "antibiotiki", kwa sababu wengi watakujibu hapana. Taja "Flagyl" uone anavyokumbuka. Hiyo ni metronidazo, na humuua Fusobacterium hasa. Uliza pia ugoro na tambuu.

2. Andaa tyubu ya ulinganisho. Hii ndiyo watu huiruka. Weka ndani yake maji safi ya maabara, iache wazi muda wote wa kukinga, kisha ifunge, ibandike lebo na uitume pamoja na zingine. Hewa, glavu, hata vitendanishi (kemikali za kupimia) vya maabara vina DNA ya bakteria, na tyubu hii ndiyo itakayovifichua.

3. Kinga mate kabla hujagusa fizi. Ukianza na uchunguzi au kusafisha meno, damu na ukoga vitaingia kwenye mate. Mgonjwa akae wima, ainamishe kichwa, aache mate yachuruzike yenyewe. Asikohoe makohozi. Wengi huona haya, kwa hiyo mpe kitambaa na ugeuke pembeni. Kama itifaki (mwongozo wa utafiti) inataka mililita 2, pima chini ya povu, povu halihesabiwi.

4. Barafu papo hapo, kisha friza ya nyuzi -80. Kama huna, tumia tyubu zenye kihifadhi.

5. Mbane mchambuzi wa data. Sehemu kubwa ya DNA iliyomo kwenye mate ni ya mgonjwa mwenyewe. Muulize ataiondoaje. Mwaka 2020 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliodai kwamba alama za vijidudu kwenye tishu na damu hutofautisha aina zaidi ya 30 za saratani. Wengine waliporudia hesabu mwaka 2023, wakakuta sehemu kubwa ya hao "bakteria" ni DNA ya binadamu iliyopachikwa jina lisilo lake. Makala hiyo ya Nature ikaondolewa 2024. Mimi tangu hapo siutumi mzigo kabla sijapata jibu la swali hili kwa maandishi.

6. Mweleze mgonjwa ukweli. Mate haya ni ya utafiti, hayatamwambia kama ana saratani. Na ukiona kinywani kidonda au doa jeupe au jekundu ambalo limekaa zaidi ya wiki 2, usisubiri maabara ya utafiti: andika rufaa akachukuliwe kinyama cha kupimwa.