Kabla hujaachia ngoma mtandaoni ukiwa Mtwara

Mdogo wangu, ukimaliza kurekodi, usiiachie ngoma usiku huohuo. Kaeni kwanza palepale studio, wewe, prodyuza na kila aliyeimba, mwandike nani kafanya nini: mashairi, biti, kiitikio. Wekeni asilimia, jumla ifike 100, kila mtu asaini. Kazi yangu hapa Chikongola ni kuwapandishia vijana nyimbo zao mtandaoni, na ugomvi mwingi ninaousuluhisha chanzo chake ni karatasi hiyo kukosekana. Enzi za kanda, msanii alisafiri na kazi yake hadi Kariakoo, akalipwa mara moja, basi. Siku hizi hela inadondoka kidogokidogo kwenye akaunti moja, na mtambo unamtambua mwenye akaunti tu.

Kama umechukua wimbo wa sindimba, ngoma ya asili ya Wamakonde, kuwa mwangalifu zaidi. Hukuutunga wewe. Kwenye nafasi ya mtunzi andika kwamba ni wa asili, wewe jiandike mpangaji wa muziki, na wazee wa Newala waliokupigia ngoma waingie kwenye mgawanyo kama wapigaji. Hapo sikubembelezi: pasipo majina yao, sipandishi. Kazi ikikamilika, isajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania.

Kisha andaa faili la sauti la WAV, lisilobanwa kama MP3, na kava ya mraba, pikseli 3000 kwa 3000. Usiweke namba ya simu kwenye kava. Najua unataka mialiko ya harusi, lakini itakataliwa.

Audiomack na YouTube unapandisha mwenyewe. Spotify na Apple Music lazima upitie msambazaji, yaani kampuni inayokupelekea nyimbo huko, kama DistroKid au TuneCore. Soma masharti ya ada: kuna mipango ya kulipa kila mwaka ambayo ukiacha kulipa, nyimbo zinaweza kushushwa. Kila wimbo utapata namba ya ISRC, ya kuutambulisha wimbo uliorekodiwa, herufi na tarakimu jumla 12. Iandike daftarini, maana ukihama msambazaji utaihitaji ileile. Mpelekee msambazaji wimbo wiki tatu au nne kabla ya siku ya kuachia.

Usikope kwa kutegemea mapato ya mtandaoni. Tangu 2024, wimbo usiofikisha kusikilizwa mara 1,000 ndani ya miezi 12 haulipwi Spotify. YouTube nao, ili upate mgawo wa matangazo ya video ndefu, wanataka wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya mwaka. Kwa huku kwetu, mimi napendelea kuachia Oktoba, minada ya korosho inapoanza: watu wana hela ya bando, na ukumbi wa Masasi unajaa. Kiingilio bado kinalipa haraka kuliko mtandao.

Nanyi mashabiki, wimbo mnaojaziwa kwenye memori kadi haumpi msanii hata senti. Ufungueni kwenye programu yenyewe. Spotify huanza kuhesabu ukishasikilizwa sekunde 30, kwa hiyo msiuruke mapema.