Bima ya Safari ya Kupanda Mlima Nje ya Nchi: Anza na Njia, Bei Ije Baadaye

Wengi wanaojiandaa kwenda kupanda mlima nje ya nchi huiacha bima hadi wiki ya mwisho, na wakiikumbuka swali lao ni moja tu: bei gani? Kazi yangu ni kupanga safari za aina hii na kusoma bima za wateja kabla hawajapanda ndege. Kwangu bei ni swali la mwisho. La kwanza ni hili: ukiugua au ukivunjika mguu mahali ambapo gari halifiki, nani anaidhinisha ushushwe, na nani analipa papo hapo? Bima nyingi za kawaida zina majibu mazuri kuhusu begi lililopotea uwanja wa ndege. Kwa swali hilo la mlimani hazisemi kitu, au zinasema "hapana" katika ukurasa ambao hakuna anayeufikia.

Hatua ya 1: Andika njia yako kwa mita

Kabla hujafungua tovuti yoyote ya bima, chukua karatasi. Andika tarehe ya kuondoka na ya kurudi, nchi zote utakazopita, sehemu ya juu kabisa utakayofika, na kama kuna kipande chochote cha njia kinachohitaji kamba au vifaa vya barafu.

Kimo kina uzito kuliko vyote. Kampuni za bima hupanga shughuli za mlimani kwa madaraja ya urefu kutoka usawa wa bahari, na kila kampuni ina mipaka yake. Utakutana na mita 3,000, 4,000, 4,500, 6,000. Sasa weka njia yako kando ya mipaka hiyo. Njia ya kuuzunguka mlima Mont Blanc haifiki hata mita 2,700, kwa hiyo karibu daraja lolote linaitosha. Toubkal, nchini Moroko, una mita 4,167. Njia ya Inca kule Peru inavuka kipito (sehemu ya kuvukia kati ya vilele) cha mita 4,215. Kambi ya chini ya Everest iko mita 5,364, kipito cha Thorong La katika mzunguko wa Annapurna, Nepal, mita 5,416, na Uhuru, kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895. Mwenye bima ya mita 4,000 anayepanda Toubkal amelindwa siku zote isipokuwa saa zile za kilele, ambazo ndizo za hatari zaidi.

Hesabu na vilele vya pembeni. Anayekwenda kambi ya chini ya Everest mara nyingi hupanda pia Kala Patthar ili auone mlima vizuri, na hapo ni zaidi ya mita 5,500. Kama daraja lako linaishia 5,500, asubuhi hiyo unatembea bila bima.

Kuna jambo jingine ambalo watu hawaliulizi. Mikataba mingine hupima mahali ulipoumia. Mingine hupima kimo ulichokusudia kufika. Kwa mkataba wa aina ya pili, ukiteguka mguu mita 2,800 ukiwa njiani kuelekea mita 5,000, dai lako linaweza kukataliwa lote kwa sababu safari yenyewe haikuwa ndani ya bima. Usikisie. Uliza, na namna ya kuuliza iko hapa chini.

Hatua ya 2: Tafuta shughuli yako kwenye orodha yao

Kila mkataba mzuri una orodha ya shughuli zinazofidiwa. Kutembea milimani kwenye njia inayojulikana ni shughuli moja. Kupanda kwa kamba, kramponi (yale meno ya chuma yanayofungwa chini ya buti) na shoka la barafu ni nyingine kabisa, na ada yake ni nyingine.

Mtego uko katikati. Nepal ina vilele vinavyouzwa na mawakala kama vya watembeaji, mfano Mera Peak wenye mita 6,476. Ukisikia hivyo unaweza kudhani ni matembezi tu. Lakini juu kule unavuka barafu ukiwa umefungwa kamba, na kampuni ya bima itakuhesabu kama mpanda milima kamili. Jina ambalo wakala amekipa kilele halikusaidii siku ya kudai. Kinachoangaliwa ni vifaa ulivyovaa na mahali ulipokuwa.

Angalia pia masharti yanayoambatana na shughuli. Mikataba mingine inadai uwe na mwongozaji mwenye leseni, mingine haikulindi ukitembea peke yako. Na sheria za nchi zinahusika: Nepal, tangu Aprili 2023, inawataka watembeaji wa kigeni wawe na mwongozaji mwenye leseni katika maeneo mengi ya matembezi. Ukivunja sheria ya nchi uliyomo, umeipa kampuni sababu ya kukataa dai.

Ukishapata mikataba miwili au mitatu inayoelekea kufaa, iandikie kila kampuni barua pepe. Mimi huwapa wateja wangu maneno ya namna hii:

"Naomba uthibitisho wa maandishi. Nitakuwa Nepal kuanzia tarehe 3 hadi 24 Oktoba. Nitatembea kwa miguu, bila kamba wala kramponi, pamoja na mwongozaji mwenye leseni, hadi Thorong La, mita 5,416. Je, (a) bima hii inanilinda kwa kimo hicho kwa siku zote za safari? (b) Helikopta ya kunitoa njiani hadi hospitali inalipwa, hata kama tatizo ni ugonjwa wa kimo na si ajali? (c) Nani anapaswa kuidhinisha kabla helikopta haijaruka, na kwa namba gani ya simu? (d) Mnalipa hospitali moja kwa moja, au nalipa kwanza kisha nadai?"

Jibu la simu halina kazi. Taka maandishi, uyahifadhi. Kampuni inayojibu "tafadhali rejea waraka wa masharti" bila kugusa maswali yako imeshakuonyesha itakavyokuhudumia ukiwa umelala kwenye hema na homa.

Hatua ya 3: Chambua uokoaji neno kwa neno

Hapa usiharakishe hata kidogo.

Vipo vitu vinne ambavyo matangazo huvichanganya. Kuna utafutaji, pale ambapo hujulikani ulipo. Kuna uokoaji, yaani kutolewa mlimani hadi mahali penye huduma. Kuna uhamisho wa mgonjwa kutoka hospitali ndogo kwenda kubwa. Na kuna kurejeshwa nyumbani. Mikataba mingi inalipa vizuri viwili vya mwisho. Neno "uhamisho wa kitabibu" linasomeka kama helikopta, lakini ukisoma maelezo yake unakuta linaanzia kwenye kitanda cha hospitali. Aliyeko chini ya kipito hajafika kwenye kitanda hicho bado.

Oktoba 2014, dhoruba ya theluji iliwapiga watu waliokuwa eneo la Thorong La, na makumi wakafa. Njia ile haina kamba wala ufundi wowote, ni matembezi, na msimu ulikuwa ule unaosifiwa kuwa na hali nzuri ya hewa. Kwa hiyo usiuone utafutaji kama jambo la wapanda vilele vya mita 8,000 peke yao. Tafuta kiwango chake kwenye mkataba. Kama hakipo, hesabu kwamba ni sifuri.

Kisha malipo ya papo hapo. Helikopta kwenye milima ya Nepal ni za kampuni binafsi, na gharama huhesabiwa kwa maelfu ya dola. Kwa kawaida rubani haondoki hadi kuwe na dhamana ya malipo, iwe kutoka kampuni ya bima au kadi ya benki. Pakistani, upande wa mlima K2, ni hivyo hivyo: pasipo dhamana au amana, hakuna kuruka. Kwa hiyo bima inayorudisha pesa baadaye bila kutoa dhamana inakutaka uwe na maelfu hayo mfukoni mwako ukiwa mgonjwa. Ndiyo maana maswali (c) na (d) yamo kwenye ile barua pepe.

Ugonjwa wa kimo uulizie kwa jina lake. Unaweza kuanza kuanzia kama mita 2,500, hauchagui kijana wala mwenye mazoezi, na ukizidi maji hujaa mapafuni au ubongo huvimba. Dawa yake kuu ni kushuka, na kushuka haraka. Wapo wanaoufidia kama ugonjwa mwingine wowote, na wapo wanaouweka kwenye mambo yasiyofidiwa. Mkataba wa aina hii ya pili hauna maana yoyote juu ya mita 3,000, hata ukipewa bure.

Upande wa pili wa shilingi nao uujue. Mwaka 2018 uchunguzi wa serikali ya Nepal ulifichua biashara ya uokoaji wa uongo: watembeaji wenye kichwa kuuma kidogo walisukumwa kupanda helikopta, bili zikavimbishwa, na wahusika wakagawana. Tangu hapo kampuni za bima zinachunguza madai ya helikopta kwa jicho kali. Ukiambiwa "panda tu, bima italipa", piga kwanza namba ya dharura ya bima yako, uongee nao wewe mwenyewe au mwenzako. Ila kama mtu anapepesuka, haelewi anachosema, au anahema akiwa amekaa, anza kumshusha huku mwingine akipiga simu.

Neno kwa wanaokwenda milima ya Alps, Ulaya: sharti la viza ya Schengen, bima ya angalau yuro 30,000, linahusu matibabu ya dharura na kurejeshwa nyumbani. Halisemi lolote kuhusu kimo wala kamba. Bima iliyokupatia viza si lazima iwe bima ya kupanda mlima.

Hatua ya 4: Sema ukweli kuhusu afya yako

Presha, pumu, kisukari, moyo, upasuaji wa karibuni, ujauzito, dawa unazokunywa: vyote vitaje, hata kama fomu inaonekana kukuruhusu kuruka. Ada itapanda, pengine utatakiwa kuleta barua ya daktari. Sawa tu. Kampuni ikipata dai kubwa huomba faili lako la hospitali, na kilichofichwa huonekana hapo. Umri nao uangalie, maana mikataba mingine hufunga mlango wa shughuli za mlimani kuanzia miaka fulani bila kupiga kelele kuhusu hilo.

Hatua ya 5: Viwango na kile unachobeba mwenyewe

Usibabaishwe na tarakimu ya mamilioni iliyoandikwa kwa herufi nene kwenye tangazo. Hiyo ni ya matibabu. Shuka chini utafute ukomo wa uokoaji peke yake, kisha kiasi cha hasara unachokatwa katika kila dai. Kama unakatwa dola 250 na simu iliyoibwa ilikuwa ya dola 300, utapata dola 50, au pungufu wakihesabu uchakavu.

Vifaa vina ukomo wa jumla na ukomo wa kila kimoja. Kamera ghali mara nyingi inavuka huo wa pili. Binafsi singeongeza hata senti kwa ajili ya vifaa kama pesa hiyo ingeweza kupandisha ukomo wa uokoaji.

Hatua ya 6: Ucheleweshaji na safari kuvunjika

Uwanja wa ndege wa Lukla, lango la kuelekea Everest, uko zaidi ya mita 2,800 na ndege zake hutegemea kuona kwa macho. Wingu likitua, hakuna ndege, leo, kesho, pengine na kesho kutwa. Soma mkataba unasemaje kuhusu kukosa ndege ya kimataifa kwa sababu ndege ya ndani haikuruka. Mingine inataka uwe umeacha muda wa kutosha kati ya hizo mbili. Acha siku mbili za akiba, bima au pasipo bima. Hakikisha pia kwamba bima inajirefusha yenyewe ukikwama bila kosa lako, kwa sababu ratiba ya mlimani haijui tarehe ya mwisho ya mkataba.

Hatua ya 7: Kata mapema

Siku unayolipa malipo ya awali ya safari ndiyo siku ya kukata bima. Kinga ya kuvunjika kwa safari huanza pale unapokata, kwa hiyo ukivunjika mkono mwezi mmoja kabla ya kuondoka utarudishiwa ulicholipa. Tena, jambo likishajulikana halifidiwi: bima iliyokatwa baada ya mlima wa volkano kuanza kutoa majivu haitalipa kwa majivu hayo. Soma pia maonyo ya safari ya serikali yako, maana mikataba mingi hufutika ukiingia eneo lililokatazwa.

Wanaotumia bima ya mwaka mzima waangalie ukomo wa siku kwa kila safari. Ukiwa siku 31, msafara wa wiki tano hautoshi.

Hatua ya 8: Kadi ya mfukoni na karatasi za kudai

Andika kwenye kadi ndogo: namba ya bima, namba ya dharura ya saa 24 yenye msimbo wa nchi, kundi la damu, mzio, na mtu wa kupigiwa. Nakala moja iwe kwako, moja kwa mwongozaji, moja kwa mtu wa nyumbani. Ya kwako iwe mfuko wa kifuani, kwa sababu begi kubwa hubebwa na mpagazi ambaye pengine yuko saa moja mbele yako. Piga namba hiyo mara moja kabla ya kuondoka, usikie kama kweli kuna mtu anapokea usiku. Uliza pia wakala wako kama wapagazi na waongozaji wana bima yao, maana yako haiwahusu.

Likitokea la kutokea, piga simu bima kabla ya gharama kubwa kama hali inaruhusu, na andika jina la uliyeongea naye na saa. Chukua ripoti ya daktari inayotaja dalili na kimo ulichokuwa, stakabadhi zenye tarehe, na kwa kilichoibwa, ripoti ya polisi. Mikataba mingi inaitaka ndani ya saa 24. Kila karatasi ipige picha papo hapo, itume nyumbani mara tu unapopata mtandao, na halisi ziweke kwenye mfuko usiopitisha maji hadi dai lilipwe.