Kupata Beji ya Skauti ya Mtumbwi, na Kukusanya Zile za Zamani

Anayetaka kukusanya beji za zamani za skauti zinazohusu mtumbwi na aanze kwa kupata yake mwenyewe, au, ikiwa umri wake umepita, kwa kujifunza majini yale yale ambayo beji hiyo ilimdai aliyeivaa. Ninasisitiza jambo hili kwa sababu nimeona mikusanyo mizuri sana iliyo mikononi mwa watu ambao hawajui kwa nini beji hiyo ilitolewa, na hivyo hawawezi kutofautisha kitambaa kilichovaliwa kwa haki na kitambaa kilichochapwa juzi kwa ajili ya kuuzwa. Beji ni ushahidi wa kazi iliyofanyika, na anayeijua kazi ndiye anayeweza kuusoma ushahidi wake.

Masharti hutofautiana kutoka nchi hadi nchi, kwa hiyo skauti wa Lamu amuulize kwanza kiongozi wa kikosi chake ni beji zipi za majini zinazotolewa kwa rika lake, akiwa Chipukizi, Mwamba au Jasiri. Nitatumia hapa masharti ya beji ya ustadi ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1927, kwa sababu ndiyo inayotafutwa zaidi na wakusanyaji, na kwa sababu mengi ya mazoezi yake yanaweza kufanywa katika mkondo wetu kati ya Lamu na kisiwa cha Manda. Beji hiyo hutolewa kwa vijana ambao hawajatimiza miaka 18 peke yao. Mtu mzima anaweza kuyafanya mazoezi yote, lakini kitambaa chenyewe hakitakuwa chake.

Jambo la kwanza ni kuogelea, na halina mjadala. Mtihani wao ni wa yadi 100, yaani takriban mita 91: yadi 75 kwa mitindo yenye nguvu, 25 za mwisho kwa mgongo na bila haraka, kisha mtu aelee ametulia. Kijana wa Shela au Kipungani atauona mtihani huu kuwa mwepesi, na huenda ni mwepesi kweli. Lakini wengi wetu tulifundishwa kuogelea kwa kasi na hatukufundishwa kupumzika juu ya maji, na atakayekaa saa nzima akisubiri kuokolewa atasaidiwa na kule kupumzika kuliko kasi yake yote. Jaketi la kuokoa maisha livaliwe na lifungwe tangu pwani, hata na yule anayejiona samaki.

Baada ya hapo huja kuchagua siku, na hapa mwenyeji wa Lamu ana elimu ambayo vitabu vya ng'ambo havina. Epuka bamvua, linalofika siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi mpevu, kwa sababu wakati huo maji hujaa na kupwa kwa nguvu, na mkondo unaweza kumchukua mwanagenzi hadi nje ya Shela kabla hajajua kugeuza chombo. Chagua maji mafu, yanayofuata nusu ya mwezi, na uingie majini asubuhi mapema, upepo ukiwa haujaamka. Katika miezi ya kusi kali, hasa Juni hadi Agosti, wanagenzi wafanyie mazoezi ndani ya Mlango wa Mkanda, ulio kati ya Manda na bara, au katika vijito vya mikoko vyenye kinga, nao majira ya tanga mbili, pepo zinapobadilishana zamu, ndiyo ninayoyapenda kuliko yote kwa kazi hii. Anayeingia mikokoni akumbuke kwamba maji kujaa husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku. Kijito kilichompitisha jana saa tatu kamili hakitampitisha leo kwa saa ile ile, na akikwama matopeni atasubiri saa nyingi huku chaza wa kwenye mizizi wakimkata miguu kila akijaribu kushuka.

Mtumbwi wetu wa mwembe ni mzito kuliko mtumbwi wa kisasa wa plastiki au alumini ambao masharti yale yaliandikwa kwa ajili yake, lakini uzito huo ni mwalimu mzuri, kwa sababu hausamehi pigo baya. Piga magoti, mapaja yakiwa yametanuliwa, ili uzito wa mwili ushuke chini. Usikae juu ya ubao ukiwa bado unajifunza. Utatakiwa kujua pigo la kwenda mbele, pigo la kurudi nyuma, pigo la kuvuta maji kuelekea ubavuni ili chombo kiende upande, na pigo pana la duara la kukigeuza. Lakini pigo linalomtenga mwanafunzi na mpiga kafi ni lile la tezi, yaani la nyuma ya chombo, lenye umbo la herufi J, na ningependa litazamwe kwa karibu.

Kafi huzamishwa karibu na goti, huvutwa nyuma sambamba na ubavu wa chombo, na linapofika nyongani mkono wa juu huzungushwa mpaka kidole gumba kinaelekea chini. Kwa kitendo hicho uso wa kafi uliokuwa ukivuta maji sasa husimama kando ya mtumbwi, nao husukumwa nje kidogo, upana wa kiganja tu, kabla ya kutolewa majini. Ukifanya sawasawa, omo, yaani mbele ya chombo, halipepesuki: hubaki limelenga pale pale ulipoliweka, hata kama unapiga kafi upande mmoja tangu ulikoanza hadi gatini. Wengi hukosea kwa kugeuza kidole gumba juu, wakaligeuza kafi kuwa usukani wa kukokotwa, na kila pigo likawa breki. Chagua alama moja ng'ambo ya Manda, mkoko mmoja ulioinama au nguzo ya gati, piga kafi upande mmoja tu kuiendea, na urudie mpaka ufike bila kuhamisha mikono. Mimi nilihitaji wiki tatu.

Kupinduka nako hufanyiwa mazoezi kwa makusudi. Kanuni ya kwanza ni kutokiacha chombo, kwa maana mtumbwi uliojaa maji bado huelea na huonekana kwa mbali kuliko kichwa cha mtu. Masharti yale yanataka mtumbwi uliopinduka uvutwe juu ya mtumbwi mwingine, umwagwe maji na urudishwe. Kwa mtumbwi wa mwembe jambo hilo haliwezekani kwa vijana wawili, kwa hiyo watumie njia ya wavuvi, yaani kuusukasuka kwa urefu wake mpaka maji yaruke nje, kisha mmoja aingie na kuyafua yaliyobaki kwa upo, yaani kata ya kutolea maji chomboni, huku mwenzake akishikilia upande wa pili. Upo ufungwe kwa kamba. Usiofungwa hupotea wakati ule ule unapohitajika.

Aliyepitia hayo sasa ana macho ya kukusanya. Katika beji za Marekani, jambo la kutazama kwanza ni ukingo na mgongo wa beji, kabla ya picha. Zile za mwanzo hadi mwanzoni mwa miaka ya 1930 zilidariziwa juu ya kipande cha kitambaa cha mraba, na vijana wengi walikikata wenyewe kabla ya kushona. Zikafuata za duara zilizokunjwa ukingo kwa nyuma, zenye mkunjo mpana mnamo 1934 na 1935, kisha mkunjo mwembamba. Kitambaa chao kilikuwa cha rangi ya mchanga hadi katikati ya miaka ya 1940, na cha kaki ya kijani kuanzia 1947 hadi 1960. Kuanzia 1961 ukingo ulianza kuzungushiwa uzi mnene, mwishoni mwa muongo huo uso wote ukafunikwa kwa darizi, na kuanzia 1972 mgongo ukapakwa plastiki. Miaka hii ni ya kiwandani, si ya kifuani: duka lililobaki na akiba lilimaliza akiba yake kwanza, kwa hiyo kijana aliyefaulu mwaka 1962 angeweza kupewa beji ya mkunjo bila udanganyifu wowote.

Tarehe hizo zinamwokoa mnunuzi mara nyingi. Akiletewa beji ya mtumbwi inayodaiwa kuwa ya mwaka 1918 na aikatae, kwa maana haikuwepo hadi 1927. Na ya kayaki, iliyoanzishwa mwaka 2012, haiwezi kuwa ya babu wa mtu. Njia nyingine ni taa ya mwanga wa zambarau inayotumiwa kukagulia noti. Nyuzi na sabuni za baada ya vita vya pili vya dunia mara nyingi zina dawa ya kung'arisha weupe, nayo huwaka kwa samawati chini ya taa hiyo. Beji inayosemwa kuwa ya miaka ya 1930 ikiwaka ina maswali ya kujibu, ingawa jibu laweza kuwa kwamba mtu aliifua kwa sabuni ya kisasa. Basi itazame pamoja na ukingo, matundu ya sindano na kufifia kwa upande wa mbele ukilinganishwa na wa nyuma.

Kwa sababu hiyo na nyingine, usifue. Niliwahi kuichovya beji moja ya kaki katika maji ya sabuni ya vuguvugu nikitaka kutoa doa la kutu lililoachwa na pini, na nikainua kitambaa ambacho uzi wake mwekundu umemwaga rangi hadi ukingoni. Doa la kutu lilibaki pale pale. Futa vumbi kwa brashi laini ya rangi, toa pini zote za chuma, na uridhike.

Pia usiivunje familia ya beji. Ukipata mshipi wa begani wenye beji kumi na mbili, hata kama unaitaka ile moja ya mtumbwi, uchukue mzima au uuache mzima, kwa kuwa mpangilio wake unaonyesha kijana alianza na nini akaishia wapi. Uskauti ulifika Kenya mwaka 1910, na mwaka 2010 vijana kutoka nchi nyingi walikutana Nairobi katika kongamano la dunia la maskauti wakubwa. Kwa hiyo makasha ya wazee wetu na ya ndugu zetu wa bara yanaweza kuwa na vitu ambavyo havijawahi kuonekana sokoni. Muombe mzee kwa adabu akusimulie kwanza, na akitaka beji ibaki kwake, ipige picha tu. Katika kubadilishana, mtu mzima abadilishane na mtu mzima mwenzake, asimzidi mtoto maarifa.

Hewa ya Lamu ina chumvi na unyevu, na adui wa beji hapa ni kuvu, nondo wa sufu na jua. Zidaka za nyumba zetu ni nzuri kwa vyombo vya kauri, lakini ukuta wa mawe unaotoa jasho haufai kitambaa. Tumia sanduku lenye kifuniko cha kubana, karatasi isiyo na asidi kati ya tabaka na tabaka, na vipakiti vya kufyonza unyevu vinavyobadilishwa kila masika. Beji zenye mgongo wa plastiki zitengwe na vidonge vya kufukuza nondo, kwa maana mvuke wa baadhi yake hulainisha plastiki. Fungua sanduku kila mwezi na unuse. Pua hugundua kuvu kabla ya jicho.

Mwisho, kila beji iwe na kadi yake, iliyoandikwa kwa penseli kwa sababu wino husambaa kwenye unyevu. Andika aina ya ukingo na mgongo, ilikotoka, aliyekupa na alichokueleza kwa maneno yake, na, kwa beji za mtumbwi, maji ambamo ilipatikana. Yangu ya kwanza inasema hivi: mkunjo mwembamba, kaki ya kijani, matundu ya sindano mawili kwa mawili, imefifia mbele, ilipatikana ziwani, mwenyewe alikumbuka kwamba maji yalikuwa baridi na kwamba alifaulu pigo la J siku ya nne.