Kabla hujalipia butikampu, jipime bure
Ndugu zangu mnaotaka kujifunza kuandika programu, kabla hujatoa pesa ya butikampu (kozi ya haraka ya kuandika programu) ya miezi mitatu, jipime kwanza bila malipo. Anza na CS50, kozi ya mtandaoni ya utangulizi wa kompyuta ya Chuo Kikuu cha Harvard, au freeCodeCamp, tovuti ya kujifunza programu ambayo hata cheti chake ni bure. Jipe wiki tatu, saa moja kila siku. Ukifika kwenye zoezi gumu, mfano lile la CS50 la kuchora piramidi ya mchezo wa Mario kwa lugha ya programu ya C, ukakwama, halafu kesho yake ukalirudia mwenyewe bila kusukumwa, hapo sasa tafuta ya kulipia.

Unapoitafuta, usikimbilie ahadi za ajira. Omba uoneshwe kazi za wahitimu kwenye GitHub, tovuti ambako watu huweka programu walizoandika. Zikifanana zote, ujue walikuwa wananakili ya mwalimu. Uliza nani hasa atasahihisha kazi zako. Mimi sikuuliza, nikalipa ada nzima, nikakuta video tupu na hakuna mtu wa kunijibu. Iliniuma sana. Masharti ya kurudishiwa ada yadai kwa maandishi.

Na kama bando linakusumbua, The Odin Project, kozi nyingine ya mtandaoni ya kutengeneza tovuti, ni ya kusoma zaidi kuliko kutazama, tena haina ada.