Jinsi ya kuandaa mkutano wa wajukuu wa askari wa KAR waliopigana Burma

Kwanza jueni babu alikua batalioni gani, maana KAR (King's African Rifles, jeshi la wakoloni Waingereza la askari wa Afrika Mashariki) ilikua na nyingi na kila ukoo unasema tu babu alienda Bama, yaani Burma, Myanmar ya leo, kwenye Vita vya Pili vya Dunia. Tafuteni cheti chake cha kuachishwa jeshi, namba yake ya askari ndo ufunguo, medali haisaidii sana coz ile Burma Star yenye ncha sita kwa kawaida haina jina, utaijua kwa utepe wa bluu wenye mstari mpana mwekundu katikati na miwili myembamba ya rangi ya chungwa. Waliofia kule watafuteni bure kwenye tovuti ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, muyaprinti majina yasomwe kwa sauti. Ukumbi wa shule unatosha jamani, hela wekeni kwenye pilau na nauli za wazee, mgeni rasmi dakika tano basi.