SOMO: Ganzi ya mgongo, kwa nini presha inashuka huku miguu inapata joto

Haya wakuu, hili ni kwa mnaokaa kichwani kwa mgonjwa thieta, hasa operesheni za uzazi, ila hata mama anayesubiri kuchomwa ataelewa.

1. Kabla ya sindano pima presha akiwa ametulia, iandike, hiyo ndo ya kulinganishia. Kanula (kile kimrija cha dripu kwenye mshipa) iwe nene, geji 18 au 16, na dawa ya kupandisha presha iwe imeshavutwa kwenye sirinji, sio uanze kuvunja ampuli mgonjwa ameshalegea.

2. Dawa ikiingia mlaze, weka kitu chini ya nyonga ya kulia ainamie kushoto kama digrii 15, maana tumbo likikandamiza ule mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo presha inaporomoka zaidi. Dripu ikimbie muda huohuo.

3. Hapa tulieni kidogo. Ganzi haizimi maumivu tu, inazima na neva za simpathetiki zinazobana mishipa, kwa hiyo mishipa ya miguuni inatanuka, damu inabaki huko, inayorudi kwenye moyo inapungua na presha inashuka. Ndo maana baada ya dakika chache ukishika nyayo unakuta zina joto na ni kavu, ngozi ya huko inapata damu na oksijeni nyingi kuliko mwanzo. Mikono ni kinyume, mwili unafidia kwa kubana mishipa ya juu, vidole vinapoa. Sasa nawasihi sana, nyayo za joto zinaonyesha ganzi imeshika, hazionyeshi kwamba mgonjwa yuko salama!

4. Pima kila dakika 1 mpaka mtoto atoke. Namba ya juu ya presha (sistoli) jitahidi isishuke chini ya 90% ya ile ya mwanzo. Akisema anasikia kichefuchefu usingoje mashine imalize, mpe dawa ya kupandisha presha: fenilefrini mikrogramu 50 hadi 100, au efedrini miligramu 5 hadi 10 kama mapigo yako taratibu.

MASWALI

Mdau: Mkuu oksimita inasoma 98 na presha ni 70/40, inakuwaje?
Jibu: Oksimita inakwambia damu imebeba oksijeni kiasi gani, haikwambii inafika kwa kiasi gani. Msukumo ukiwa mdogo kondo la nyuma linakosa damu na mtoto ndo anaumia, kwa hiyo tibu presha.

Mdau: Na namba ya oksimita ikipotea kabisa?
Jibu: Mwangalie kwanza mgonjwa mwenyewe. Kama yuko sawa, vidole vimepoa au umeiweka mkono wenye kafu ya kupimia presha. Hamishia kidole cha mguu.

Mdau: Dokta mi nilitetemeka sana wakati miguu ilikuwa ya moto, walinichoma vibaya?
Jibu: Hapana dada, joto la ndani linakimbilia kwenye ngozi ya miguu, mwili wa kati unapoa. Omba blanketi mapema.

Mdau: Anasema mikono imekufa ganzi, mapigo 45?
Jibu: Ganzi imepanda hadi kwenye neva zinazoharakisha moyo, ita msaada SASA HIVI. Oksijeni, atropini, efedrini, adrenalini iwe karibu na ujiandae kumpumulisha. Miguu inyanyue, ila meza usiiinamishe upande wa kichwa, dawa ya ganzi iliyo nzito kuliko maji ya uti wa mgongo itazidi kupanda.